Kufuli, Kisima na Njia ya Pweza

Januari, Jumamosi

Leo ni bamvua, kwa hiyo tumevuka mto Pangani mapema tukiwa na futi. Mume wangu hakutaka kumpa muuzaji hata shilingi kabla ya kujua nyumba iko mbali kiasi gani na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kiinua mgongo cha mtu aliyefanya kazi bandarini Tanga mpaka akastaafu si fedha ya kwenda kuchorewa alama ya X nyekundu ukutani. Tulisubiri maji yajae mpaka yakasimama, tukaweka jiwe pale povu lilipoishia. Mtoto wa jirani akashika ncha ya futi kwenye jiwe, mume wangu akawa anarudi kinyumenyume kuelekea nyumba. Futi ni ya mita 30. Kwenye kipande cha pili mbwa wa kijijini aliinyakua ile ncha akaingia nayo mikadini. Imekatika kwenye mita 11. Kipimo tumekimalizia kwa kamba ya ngalawa.

Kuta ziko nje ya mita 60. Kibaraza cha mbele kiko ndani. Nyumba ilijengwa kabla ya sheria hiyo kutungwa, lakini mwanasheria ametuasa kwamba mbele ya kibaraza pasiongezwe hata tofali moja. Mume wangu alikuwa amechora vibanda viwili vya makuti vya kupangisha wageni, upande wa baharini kabisa. Ameukunja mchoro akautia mfukoni. Mimi nimefurahi, na nimemwambia hivyo. Ufukwe huu unatazamana na kisiwa cha Maziwe. Wazee wa hapa wanaikumbuka Maziwe ikiwa na mivinje na kasa wengi wanaopanda kutaga. Miti ile iliisha mwishoni mwa miaka ya 1970, na siku hizi maji yakijaa kisiwa chote kinazama. Sioni kwa nini mtu anayeliona hilo kutoka dirishani kwake ajenge karibu zaidi na mawimbi.

Januari, Jumatano

Muuzaji ameleta hati, nimeisoma yote nikiwa nimesimama. Kwa sheria yetu ardhi ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tunachonunua ni nyumba, pamoja na haki ya kutumia kiwanja kwa muda uliobaki kwenye hati. Hati hii ilitolewa kwa miaka 33, na muda uliobaki ni mfupi kuliko uliokwisha kupita. Dalali hakuligusia hilo. Yeye alisifia machweo ya jua baharini, na pwani yetu hii yote inatazama mashariki.

Bei imeshuka kwa sababu ya miaka hiyo, na ni haki ishuke. Kwa anayetaka kununua nyumba ya pwani nitasema wazi: aulize kwanza miaka, ndipo aulize vyumba. Aende pia ofisi ya msajili kufanya upekuzi, aone kama kuna rehani au zuio, halafu aende kijijini akamuulize mtendaji na majirani wa pande zote, maana mpaka wa kwenye ramani na mpaka wa minazi wakati mwingine haifanani.

Uhamisho unahitaji ridhaa ya mke wa muuzaji. Mke yuko Muscat kwa binti yake.

Februari, Ijumaa

Fomu ya ridhaa imefika kutoka Muscat kwa mkono wa mpwa wao, ndani ya mfuko mmoja na kopo la halwa. Samli imepenya. Saini inasomeka, muhuri hausomeki. Mwanasheria ameishika kwa ncha za vidole akasema iletwe nyingine. Halwa tumeila jioni kwa kahawa. Ina zafarani na lozi.

Machi, Jumatatu

Fomu ya pili ni safi. Muuzaji amelipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida yake. Sisi tumelipa ushuru wa stempu. Akiba yangu ya ualimu kule SACCOS imebaki na tarakimu chache, lakini nyumba ni yetu. Binti yetu amepiga simu kutoka Dar es Salaam kutupongeza, na swali lake la pili lilikuwa: mtapangisha kwa usiku au kwa mwezi?

Machi, Jumamosi

Tumevusha friji. Kwenye pantoni tulisimama katikati ya kundi la mbuzi waliokuwa wakipelekwa mnadani. Mpaka tunafika Bweni mbuzi wamekula boksi la friji upande wote wa kulia, kitabu cha maelekezo, na karatasi ya dhamana. Mwenye mbuzi aliomba radhi vizuri sana akatupa mayai ya kienyeji. Friji yenyewe haina mkwaruzo.

Upande wa pili wa mto tumeziona mashine za ujenzi wa daraja. Litakuwa na urefu wa mita 525, na barabara itaunganisha Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo. Dalali anasema likikamilika bei za viwanja huku zitapanda mara nyingi. Huenda. Mimi ninachofikiria zaidi ni mama mwenye uchungu wa kuzaa saa sita za usiku, kivuko kimekwisha kufunga na hospitali iko ng'ambo.

Machi, Jumapili

Kunguru amechukua sabuni ya kuogea kwenye ukingo wa kisima. Mume wangu alikuwa bado na povu kichwani.

Aprili, Alhamisi

Tulikuwa Tanga kwa wiki kadhaa, mimi nikisahihisha mitihani. Leo tumerudi na kufuli ya mlango wa mbele haifunguki. Ufunguo umeingia, hauzunguki. Mafuta ya taa hayakusaidia, wala ya kula. Fundi aliyeitwa amekata kufuli kwa msumeno, na msumeno wenyewe umevunjika meno mawili. Ndani: ukungu wa kijani kwenye magodoro, mchwa wamepanda kwenye fremu ya mlango wa jikoni mpaka usawa wa kitasa, na droo za kabati zimevimba zimekataa kutoka. Na nyumba ilikuwa imefagiliwa, kila kitu kimefunikwa shuka, madirisha yote yamefungwa kwa uangalifu.

Fundi alizunguka vyumba vyote bila kusema kitu. Halafu akasema, "Mama, nyumba hii haitaki kufungwa. Inataka mtu afungue madirisha asubuhi, afunge jioni. Mengine yote ni rangi tu."

Nimeyaandika maneno yake hapa kama alivyoyasema kwa sababu ni ushauri bora kuliko wote tuliopata tangu tuanze kuitafuta nyumba hii, na hakuna aliyetutoza.

Aprili, Ijumaa

Fundi amegonga linta ya dirisha la sebuleni kwa nyundo, taratibu, kusikiliza mlio. Kipande cha zege ukubwa wa sinia kimeanguka kwenye chupa ya chai. Chupa ilikuwa imejaa.

Ameturudisha kwenye mwanzo wa tatizo. Aliyejenga sehemu ya mbele alichota mchanga hapo hapo ufukweni. Mchanga wa baharini una chumvi. Chumvi inaila nondo ndani ya zege, nondo ikishika kutu inavimba, ikivimba zege inapasuka. Ukiona ufa ulionyooka kufuata nondo, tayari. Dawa ni kubomoa mpaka kwenye chuma, kusugua, kukata palipokwisha, na kujaza upya kwa mchanga wa mto na saruji ya kutosha. Ni kazi ya fedha nyingi, na hakuna rangi inayoweza kuuficha ufa zaidi ya msimu mmoja.

Vyumba viwili vya uani ni hadithi nyingine. Hivyo ni vya zamani, vya mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko juu. Havina nondo hata moja. Fundi aliweka kiganja ukutani akakiacha pale kwa muda. Kuta ni nene, ndani kuna ubaridi saa nane za mchana, na hakuna ufa. Majumba ya kale ya Pangani mjini yalijengwa hivyo hivyo. Sitaki matumbawe yavunjwe tena baharini ili mtu ajenge, hayo ni makazi ya samaki, lakini yaliyokwisha kuwa ukuta tuyatunze kwa chokaa, tusiyapake saruji isiyopumua.

Aprili, Jumamosi

Pasaka. Binti yetu ametuletea wageni wa majaribio, marafiki zake na watoto wao, wanaolipa. Alisema tuone kwanza kabla ya kuamua. Wamefika na makreti ya soda, spika, na mashua ya kupuliza ya watoto. Watu wa adabu, watoto wote wametuamkia, "Shikamoo bibi, shikamoo babu."

Masika imeanza usiku huo huo. Makuti ya sebuleni yanavuja sehemu tatu. Moja iko juu ya sufuria la pilau. Mama mmoja kati ya wageni aliweka mwavuli juu ya sufuria na kuendelea kupakua.

Aprili, Jumapili

Asubuhi wageni wamefunga kamba kati ya mnazi na nguzo ya kibaraza, wakaanika taulo, ili wapate faragha. Kamba imeziba njia.

Hii njia nilikuwa sijaiandika. Inapita kona ya kiwanja chetu, kati ya kisima na mkwaju, inashuka ufukweni. Haimo kwenye ramani ya hati. Lakini maji yakipwa akina mama wa kijiji huipita na mikuki yao kwenda mwambani kuchokoa pweza, na wavuvi huipita alfajiri na makasia begani. Jirani yetu bibi, ambaye mji wake umepakana na uani kwetu, anasema mama yake aliipita akiwa amembeba yeye mgongoni. Nyumba imeikuta njia hapo.

Leo akina mama walifika kwenye taulo, wakasimama. Hakuna aliyesema neno. Wakarudi, wakazunguka kwa upande wa mikoko, ambako ni tope mpaka magotini. Waliporudi na pweza maji yalikuwa yameanza kujaa na ndoo mbili zilikuwa tupu. Maji kupwa hayamngoji mtu: maji yanakupa saa chache za mwamba mkavu, na nusu saa ya kuzunguka tope ni pweza wawili au watatu waliobaki shimoni. Hao wawili watatu ni daftari na unga.

Nimefungua kamba mwenyewe. Nimewaeleza wageni, wakanielewa mara moja, na baba mmoja akasaidia kuhamisha taulo. Taulo moja imebebwa na upepo, ikashuka juu ya jiko la mkaa.

Aprili, Jumapili, usiku

Vijana wanaolinda viota vya kasa wamepiga hodi saa nne. Taa kubwa ya kibarazani ilikuwa inamulika mpaka kwenye maji. Kasa jike alikuwa ametoka, akafika nusu ya mchanga, akageuka akarudi baharini bila kutaga. Wameziona alama za mapezi yake, kwenda na kurudi.

Hawakugomba. Kijana mmoja aliwaeleza wageni kwa upole kama mwalimu mzuri: jike huogopa mwanga, na vifaranga wakitotolewa usiku hufuata palipo na mwanga zaidi, ambako kwa kawaida ni bahari. Ukiwasha taa nyuma yao wanapanda nchi kavu, asubuhi kunguru na kaa wanawamaliza. Mayai yanayotagwa Maziwe wahifadhi huyahamishia ufukwe wa huku bara, kwa sababu kule maji yanafunika kila kitu. Hayo mayai hayana kisiwa kingine. Hapa kwetu ndiyo nafasi yao, na sisi tumeweka taa.

Mume wangu alipanda kiti kuitoa balbu. Ilikuwa ya moto, akaiachia, ikapasukia kwenye karai la unga wa maandazi. Maandazi ya asubuhi hayakupikwa. Watoto wote wamekwenda ufukweni gizani na vijana wale, wamerudi kimya, na mdogo wao ameniuliza kama kasa atajaribu tena kesho. Nilimwambia huwa wanarudi usiku mwingine. Natumaini alirudi.

Aprili, Jumatatu

Wageni wameondoka wameridhika, wamelipa, wameahidi kuwaambia wengine. Bibi jirani amekuja na kikombe cha chai akanipa nionje.

"Mwanangu, onja. Hiyo sukari nimetia."

Ilikuwa na chumvi.

Pampu yetu ilivuta maji tangu Jumamosi bila kupumzika. Bafu, vyombo, mashua ya kupuliza ilioshwa mara kwa mara. Visima vya hapa havifikii mto wowote wa chini kwa chini. Maji matamu ni ya mvua iliyonywea mchangani, na yanaelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta polepole unapata ya juu. Ukivuta kwa nguvu chumvi inapanda kuja juu, na haipandi kwenye kisima chako peke yako. Masika itayarudisha, bibi anasema, ikipewa mwezi. Kwa mwezi huo tutampelekea madumu ya maji kutoka kwenye bomba la kijiji. Dumu la kwanza lilikuwa la mafuta ya taa zamani, limerudishwa.

Mei, Jumanne

Tangi la plastiki la kuvunia maji ya mvua limefika. Fundi amefunga mifereji kwenye bati la jikoni, maana makuti hayafai, maji yake yanatoka rangi ya chai. Mvua imekatika siku hiyo hiyo. Ndani ya tangi kuna chura.

Mei, Jumamosi

Tumenunua umeme wa LUKU kwa simu. Kodi ya jengo imekatwa humo humo, kama inavyofanyika tangu 2021, na nadhani ni utaratibu mzuri, mtu halipi nauli kwenda kupanga foleni. Fedha ilitumwa na mpwa wangu kwa namba ya mita ya msikiti. Imamu ametushukuru baada ya sala.

Juni, Jumamosi

Kusi limeshika. Bahari ni ya kijivu, ngalawa nyingi zimepandishwa mchangani, samaki ni wachache na bei imepanda. Mawimbi yamekula ufukwe upande wa kusini wa mikadi. Jiwe letu la Januari halionekani. Chumvi inaingia hata kwenye kisu cha mkate.

Huu si msimu wa kumwita mgeni wa kulipa. Mimi naupenda. Nyumba inanguruma usiku kucha, unalala kwa blanketi, asubuhi mihogo ya nazi na dagaa. Kama nyumba ina miezi ya kuwa yetu tu, ni hii.

Juni, Jumapili

Mume wangu ameketi kibarazani na hesabu ya kupangisha kwa usiku. Karatasi ya kwanza ilichukuliwa na kusi, ikapita juu ya mikadi, kwaheri. Ya pili ameiandika nyuma ya risiti ya bati, akaikalia.

Amekisia shilingi 150,000 kwa usiku, usiku 60 kwa mwaka. Hiyo ni 9,000,000, na ukiiandika peke yake inapendeza. Halafu ameshuka: mlinzi na mkewe anayefua na kufagia, 3,000,000 kwa mwaka. Akiba ya kuezeka makuti upya, 900,000. Umeme na maji ya kununua, 1,200,000. Rangi, bawaba, vitasa, pampu, magodoro, 1,000,000. Wanaokutafutia wageni kwa intaneti au kwa mdomo watachukua asilimia 15, hiyo ni 1,350,000. Zimebaki 1,550,000, kabla ya kodi ya mapato na kabla ya leseni, maana kulaza watalii kwa malipo ni biashara inayosimamiwa na Sheria ya Utalii ya 2008 na haifanywi kwa siri. Na linta hazijaingia humo.

Akanitazama. Hesabu haikuwa mbaya. Haikuwa pia ile aliyoichora kwenye vibanda. Nilimuomba aongeze mstari mmoja: chai ya bibi. Alisema hajui bei yake. Nilimwambia ndiyo maana nimeomba iandikwe.

Tulizungumza mpaka magharibi. Yeye ana hofu ya kweli: pensheni ya mwezi haijai mkononi, na tumetia karibu fedha zote kwenye kuta zinazoliwa na chumvi. Simlaumu. Lakini sitaki nyumba inayolipa kwa kuwazungusha akina mama kwenye tope. Na kuifunga pia siwezi, nimeuona ule ukungu. Binti yetu, kwa simu, alishauri tuuze daraja likikamilika. Simu ilikatika.

Julai, Jumatano

"Hodi, Mwalimu."

Ni muuguzi wa zahanati ya kijiji, binti wa Lushoto, amehamishiwa huku tangu mwaka jana. Zahanati haina nyumba ya mtumishi. Amepanga chumba Pangani mjini, kila siku anavuka, jioni anavuka tena. Anayepata uchungu usiku anabaki na wakunga wa jadi na tochi ya simu. Amesikia kwamba tuna vyumba viwili uani. Alikuwa amevaa sare, viatu mkononi, suruali imelowa mpaka magotini kwa sababu alishuka mtumbwini kabla haujafika.

Nilimwonyesha vyumba. Aliuliza kuhusu maji, nikamwambia ukweli wa kisima na saa za pampu. Aliuliza kama mtu anaweza kumgongea usiku. Nikasema mlango wa uani unafungukia njiani, kila mtu anaujua. Alipokuwa akinyoosha mkono kupima upana wa dirisha, popo alitoka kwenye boriti akamgusa usoni. Hakupiga kelele. Alisema kwao wapo wakubwa zaidi.

Mume wangu alitaja shilingi 60,000 kwa mwezi. Akasema ataiweza.

Julai, Alhamisi

Tumeamua, na ninaandika uamuzi wote hapa ili tusije kubishana mbeleni.

Vyumba vya uani ni vya muuguzi kwa mwaka, mkataba wa kuendelea kama yupo. Ni 720,000, chini sana ya ndoto ya vibanda, lakini zinakuja kusi na kaskazi, na anayelala pale atafungua madirisha ya mbele asubuhi na kuyafunga jioni. Amekubali, na kwa hilo tumemwondolea gharama ya umeme. Sehemu ya mbele itapangishwa kwa familia kati ya Desemba na Februari tu, tukishapata leseni na linta zikishatengenezwa, kwa watu wanaokuja kwa kuambiwa na watu tunaowajua. Wataambiwa kabla hawajatuma fedha: pampu saa moja asubuhi na saa moja jioni, taa za upande wa bahari hazipo, njia iko wazi na akina mama watapita na pweza karibu na meza yenu ya chai. Asiyetaka hayo zipo hoteli nzuri upande wa kaskazini wa mto, na nitamwelekeza kwa moyo mweupe. Kusi ni yetu na wajukuu.

Njia tutaiomba iandikwe. Mwanasheria anasema inaweza kusajiliwa kama haki ya kupita juu ya kiwanja, ili akija mwenye nyumba mwingine baada yetu asiweze kufunga kamba. Hili ninalitaka kuliko bati jipya. Mume wangu alikaa kimya kidogo, akasema ada yake iingie kwenye fungu la magodoro.

Julai, Ijumaa

Mtendaji wa kijiji ameshuhudia mkataba. Kidau cha wino wa muhuri kilikuwa kikavu. Alitia matone ya maji, muhuri ukatoka samawati hafifu, akaugonga tena pembeni, sasa mkataba una mihuri miwili na nusu. Bibi jirani, aliyekuja kama shahidi, alitia dole gumba palipobaki pazuri.

Julai, Jumamosi

Muuguzi amehamia. Godoro limekuja kwa bodaboda, yeye nyuma amelikumbatia, limeshika matawi ya mkwaju na kubaki juu. Wavuvi wamelishusha kwa upondo. Kitanda cha mninga, urithi wa mama yake, hakipiti mlangoni. Mlango wa kale ni mwembamba na ukuta una unene wa mkono. Fundi ameng'oa mlango, hakikupita. Amekilaza ubavu, hakikupita. Saa kumi mjumbe wa kitongoji alileta habari kuwa kuna mama ameshikwa na uchungu upande wa minazi, na muuguzi akaondoka mbio na mkoba wake, kitanda kikiwa nusu ndani nusu nje na mlango umeegemezwa kwenye mkwaju.

Saa nne za usiku amerudi. Ni mtoto wa kike, mzima, mama naye mzima. Amepanda juu ya kitanda pale pale kizingitini kupita kwenda ndani. Fundi ataleta msumeno kesho, atakata miguu ya kitanda na kuiunga upya kwa misumari ya shaba.